Nyumba ya 1950 Pale Kapata

Jumatatu, tarehe 1 mwezi wa tatu 1993

Mikono inanuka chokaa. Mugongo inauma. Salon tumeipakaa rangi mara ya tatu! Ya kwanza ilitoka nyeupe sawa hospitali, ya pili buluu sana. Leo, bon: chini buluu ya zamani, juu chokaa yenye kuchafuka kidogo, sawa vile moshi ya mbabula ya makala imepita pale myaka mingi. Nkulu alisimama mu mulango, akacheka.

– Mama Tshibola, hapa ni kama nasikia mama yangu iko napika bukari.

Nkulu akisema vile, kazi imetoka muzuri. Mi napanga manyumba ya zamani, yeye na mbao yake anatengeneza bile bitu habipatikane tena. Tulifanya nyumba ya directeur mu ville, tukafanya salon ya mapadri. Lakini hii ndiyo naipenda – nyumba ndogo ya mufanyakazi ya mine, sawa ilikuwa mu 1950. Kwanza filme. Tata Henri, muntu ya filme, atafika na baacteurs kisha Pasaka. Filme ikiisha, itabakia musée, batoto ya shule bakuje kuangalia fasi bankambo yabo balikaa.

Bado: kuficha prise ya umeme. Kutosha ile rido ya nylon, kuiondoa ku dirisha. Kusugua mikono ya fotei na mafuta, ionekane batu baliikalia.

Alhamisi, tarehe 4

Ku soko mama ya nyanya alinitazama sana. Myaka yote ananiongezea moja, leo alifunga tu mu karatasi na kugeuka. Mwenzake alisema chini-chini, lakini kusudi nisikie: kilulu.

Kilulu. Mududu. Sasa ndiyo jina yetu, siye batu tuko na asili ya Kasai. Radio inasema turudie kwetu. Kwetu wapi? Mi nilizaliwa hapa Kolwezi. Kasai sijaona ata siku moja!

Kitenge, bwana yangu, yeye ni mwana-Katanga ya kaskazini. Magaribi alifunga radio katikati ya maneno. Rachelle akamuuliza: papa, na miye? Akasema: weye ni mutoto yangu, kula.

Jumapili, tarehe 7

Kisha misa nilipita kwa mama. Anakaa Kapata, si mbali na nyumba ya filme. Ameniazima kitanda yake ya chuma, ile ya ndoa, yeye analala ku matelas chini na anajivuna kabisa.

Nikamuuliza kama anaogopa. Alikuwa anachagua majani ya sombe, hakuinua kichwa.

– Nilikuja hapa na treni, bibi ya ndoa, ata maziwa ku kifua yalikuwa hayajakomaa. Baba yako aliniachia hii nyumba. Nani atanitosha?

Bitu karibu byote bya ile nyumba ya filme nimeazima kwa bazee ya Kasai. Haikuwa kusudi. Balikuja zamani kufanya kazi mu mine, na balichunga bitu: machine ya kushona ya mama Ntambwe, masahani ya emaye, bitambaa bya crochet. Fotei mbili ya tata Muamba, ile ya mikono mipana, yeye mwenyewe alizichonga. Nguvu sana kumuomba! Alikuwa anakataa mwezi muzima.

Jumamosi, tarehe 13

Tata Muamba alikuja pale ku kazi. Suti yake ya catéchiste, kofia ku mukono.

– Mwana yangu, nipe fotei yangu.

Nikasema: tata, bado kidogo tu, filme itapita, nitakurudishia mi mwenyewe.

– Ulisikia radio?

Nilisikia.

– Basi. Kama banakuja kunifukuza, banikute nimekaa ku kiti yangu.

Nkulu akazibeba ku bega, moja-moja, mpaka kwa tata Muamba. Akarudi. Alisimama mu salon, akaangalia fasi ya fotei, akasema atatengeneza zingine. Mbao ya vile haiko tena, na mikono ya vile vilevile. Hii ya mwisho mi ndiye naongeza, yeye hakuisema.

Mama Ntambwe naye ametuma mutu kuchukua machine yake. Salon inabakia sawa kinywa ya muzee bila meno.

Alhamisi, tarehe 18

Telefone na Henri, yeye iko Lubumbashi. Laini inakatika-katika. Nikamuambia batu banaanza kufunga bitu yabo. Akasema politiki inapita, décor ya nyumba inabakia. Akauliza kama nimepata lampe ya meza.

Nimeipata, lampe.

Nimechoka. Si mugongo tena.

Jumatano, tarehe 24

Imeanza. Vijana, bajeune na bifimbo na machupa ya petrole. Moshi upande wa Kapata. Kitenge alifunga mulango, akatuweka Rachelle na miye mu chumba ya nyuma, yeye akakaa mbele na kiti. Mama iko kule. Njia imefungwa. Siwezi kuandika.

Ijumaa, tarehe 26

Mama muzima! Mungu, aksanti.

Nilifika Kapata na Nkulu – yeye mbele, miye nyuma, kitambaa ku kichwa mpaka macho. Nyumba ya mama: mulango haina, dirisha haina, mabati ya upande mumoja banaitosha. Sufuria chini. Nikaanza kulia pale njiani sawa mutoto. Nkulu akanivuta mukono, twende, twende.

Mama alikuwa mu nyumba ya filme. Alikimbilia mule mu mulango ya nyuma na kuku yake moja na Biblia. Alikuwa amekaa ku kitanda yake, mu chumba yenye mi nilipanga, rido ya pamba imefungwa vizuri. Kuku chini ya kitanda.

– Balipita, akasema. Balitazama mu dirisha. Mumoja akasema hii ni ya batu ya filme. Bakaenda.

Ku ukuta njee Nkulu alikuwa ameandika FILME na rangi nyekundu, herufi kubwa. Lini aliandika? Sijue. Nilimuuliza, akasema tu rangi ilikuwa imebakia.

Batu beko ku gare na mu mashule. Batu elfu na elfu, banasema. Banangojea treni.

Jumapili, tarehe 28

Mama anakataa kuja kwetu. Kitenge anasema afazali vile, kwetu banamuona, kule hapana. Kweli. Lakini alisema mbio sana.

Namupelekea chakula kila siku. Leo alikuwa amefagia, amepanga masahani ya emaye ku étagère. Akakaa ku kiti ya jikoni, akatazama kuta.

– Ulifanya muzuri, Tshibola. Ata baba yako akiingia, ataweka kofia yake pale ku musumari. – Kisha akapapasa ukuta. – Lakini mi sitaki kufia mu nyumba ya kucheza.

Mama, si kufa.

– Ndiyo, ndiyo. Leta chumvi kesho.

Jumanne, tarehe 30

Leo tumegombana na Nkulu. Mara ya kwanza tangu tulianza kazi pamoja.

Alikuja na mukokoteni imejaa. Mameza, bitanda, buffet ya vioo, radio ya zamani ya mbao – bitu nilitafuta myaka! Na juu yake yote, fotei mbili ya mikono mipana.

Nikauliza: umetosha wapi?

– Njee, mama. Manyumba yenyewe haina batu. Banabeba mbao kuchoma, banapikia. Nifanye nini, niache bapikie?

– Hii ni ya tata Muamba!

– Najua ni ya tata Muamba! Si mi niliibeba kwake na bega yangu?

– Basi rudisha.

– Kwa nani? – Akaanza kupaza sauti, Nkulu, yeye hapazake sauti. – Niambie nyumba, nitaibeba sasa. Niambie mulango, nitapiga hodi.

Nikatazama njia yote: milango haina.

Akaanza kushusha bitu, pole-pole, bila kuniangalia. Mama alitoka jikoni, akashika upande mumoja ya buffet, akamusaidia kuingiza. Nikabakia njee peke yangu. Kisha nikaingia na miye, sababu fotei balikuwa banaiweka vibaya, ilikuwa inafunga dirisha.

Ndiyo. Niliipanga. Nilipanga salon yote, mpaka jua kushuka. Imekuwa muzuri kupita mbele. Ni salon ya kweli kabisa, ya batu ya kweli, na beko ku gare banalala chini.

Sijue mi ni mutu gani.

Ijumaa, tarehe 2 mwezi wa ine

Bandugu ya Kitenge balikuja, bawili, na heshima yote. Balikunywa chai. Shemeki yangu mukubwa akasema: weye, Tshibola, tunakujua, hakuna mutu atakugusa. Lakini iko maneno kama kuna mama muzee anafichwa kule Kapata. Inaweza kutuletea hasira ya batu sisi bote. Hapa Rachelle anasoma. Hapa Kitenge iko na kazi.

Kitenge akasema: bibi yangu ni bibi yangu.

– Hatusemi bibi yako.

Mi nilikuwa na théière ku mukono. Nilingoja Kitenge aseme kitu ingine. Alitazama kikombe yake. Akasema ataongea na batu ya kanisa, bamuweke mama mukwe mu treni ya kwanza, pamoja na bamama bengine, fasi muzuri, si juu ya mizigo.

Walipotoka nikamuambia: umepanga safari yote ya mama, kuku yake tu haukuisemea. Akasema nisimucheke. Sikuwa nacheka.

Yeye si mutu mubaya. Naandika vile nisisahau. Alikaa na kiti mbele ya mulango siku mbili bila kulala, kutulinda. Ni vile nguvu yake inaishia pale, ku mulango.

Jumatano, tarehe 7

Henri amefika! Hatukumungojea. Motokari imejaa vumbi, barrage nyingi, bizuizi njiani. Aliingia mu salon, akasimama, akaweka mikono ku kichwa.

– Tshibola! Magnifique! Lakini umepata wapi bitu ya vile?

Nikasema: hapa-hapa.

Alizunguka, akagusa radio, akagusa fotei. Kisha akamuona mama mu mulango ya jikoni na kitambaa yake ku kichwa na mukono mu unga. Akageuka kwangu: nani huyu? Nikasema ni mama yangu. Nikamuambia yote, mbio-mbio. Alisikiliza, si mutu ya jiwe. Lakini niliona macho yake yanarudia kwa mama, kwa mikono yake, kwa vile anasimama.

– Abakie, akasema. Tutamuweka mu filme. Atacheza nkambo. Hana kazi ya kusema kitu, akae tu pale ku dirisha. Nani atamugusa na kamera mbele yake?

Nilianza ata kufikiri nguo.

Mama alipanguza mikono.

– Aksanti, tata. Na filme ikiisha?

Henri alitafuta mu mifuko yake. Akatosha sigara.

– Basi, mama akasema, akarudia jikoni.

Alhamisi, tarehe 8

Balikuja. Muchana wazi. Bajeune kama kumi, bengine nabajua, mumoja nilikuwa namupa mukate wakati alikuwa mutoto. Mutu aliwaambia.

Henri alikuwa ameenda mu ville kutafuta mafuta ya motokari. Miye nilikuwa ndani na mama. Nkulu alikuwa njee na randa yake. Akasimama mu mulango na randa ku mukono. Nilisikia yote.

– Kuna kilulu muzee mu nyumba.

– Ni mama yangu, Nkulu akasema.

– Weye mama yako alikufa, tunakujua.

– Mama yangu mudogo. Ametoka kijiji.

Mumoja akamupiga kofi. Hivi tu, kofi ya kumuzarau, mutu ya myaka yake! Kofia ikaanguka. Hakuiokota. Hakutoka mu mulango. Akasema tena maneno ile-ile, sauti ile-ile: mama yangu mudogo, ametoka kijiji.

Balicheka. Mukubwa yabo akasema: treni inakuja wiki yenye kuja. Tukirudia na mama yako mudogo angali hapa, tutachoma na weye ndani na sinema yako yote.

Bakaenda. Nkulu akaingia, akakaa ku fotei ya tata Muamba, midomo inatoka damu kidogo. Nilitaka kumuomba musamaha juu ya yale maneno ya siku ile, nikaenda kuokota kofia yake. Mama akaleta maji na kitambaa, akamupanguza sawa mutoto yake.

– Sasa nimezaa mutoto mwanaume, akasema.

Nkulu akacheka, akalia. Bote batatu tulilia.

Kisha mama akaanza kufunga bitu yake. Nilimuambia ngoja, Henri atafanya kitu. Akasema:

– Sitapigisha mutoto ya benyewe mara ya pili.

Jumapili, tarehe 11. Pasaka

Niko ku gare na mama tangu juzi. Nilisema nitamupeleka na kurudia. Sijarudia. Rachelle anakuja na baba yake kutuletea chakula. Kitenge anasimama mbali, ku barrière, hapende kuingia.

Namna gani nitaandika hii fasi? Machandarua, mashuka, mabati, batu chini ya mavagon ya kuvunjika. Batoto banakohoa, surua. Kila familia imefanya nyumba. Mutu ameweka kikapu upande wa kulia, sawa étagère, sufuria juu yake. Mutu ingine ametundika saa ya ukuta ku waya. Mama mumoja anafagia mbele ya chandarua yake kila asubui, anamwanga maji ku vumbi. Macho yangu inaona tu bile, kazi imeniharibu.

Tata Muamba aliongoza maombi, padri hakutosha kwa batu bote. Suti ile-ile. Tukaimba alleluia, chini-chini kwanza, kisha kwa nguvu, mpaka baaskari baligeuka.

Kisha nilienda kwake. Nikasema: tata, fotei yako iko kwetu, mu nyumba ya filme. Nikangoja.

– Haikuungua?

Haikuungua, tata.

Alikaa ku mufuko yake ya nguo, akatazama mikono yake.

– Juu ya ile filme sina shida. Lakini ukisema itakuwa musée, basi andika jina yangu chini. Muamba, aliichonga. Na mwaka.

Mwaka gani, tata?

Akafikiri. Akaita bibi yake, bakaanza kubishana: mbele ya mutoto ya pili, hapana, kisha. Niliwaacha beko nabishana. Bibi yake alikuwa anacheka.

Jumatano, tarehe 14

Treni iko hapa. Imefika asubui, mavagon ya mizigo, milango ya chuma. Batu banapanda tangu ile saa, banasukumana, banapitisha batoto mu mikono. Nkulu alikuja, alimubeba mama mu mukono, akamupatia fasi karibu na mulango kusudi apate hewa. Alileta na godoro – alikata moja ya filme, saizi ya ile fasi. Henri anajua? Sikuuliza. Henri ananingojea, anasema atasogeza tarehe, lakini bila miye haanze.

Naandika juu ya magoti. Mama iko ndani, ameshika nguo yangu kwa nyuma, sawa mimi ndiye nitaanguka.

Kitenge leo ameingia. Amepita barrière, kwa mara ya kwanza. Suruale muzuri, Rachelle ku mukono. Nikamuambia tu hivi: namusindikiza mpaka Tenke. Pale bamama ya kanisa batamupokea, batamubadilishia vagon, mi nitarudia na kamyo.

– Mpaka Tenke, akasema.

– Mpaka Tenke.

Ni safari ya siku moja. Mukate mbili inatosha, na chupa ya maji. Lakini nimekuja na mufuko. Nilimutuma Rachelle aniletee jana, nikamuambia fasi ya kila kitu: nguo ya baridi, diplome yangu, foto ya ndoa ya baba na mama, birashi na bisu yangu ya kazi. Viatu mbili. Mutoto alileta yote, hakuuliza.

Banaanza kufunga milango kule mbele. Kishindo moja, ingine, ingine, inakuja upande yetu. Mama anavuta nguo. Rachelle analia bila sauti.

Kitenge anashusha macho, anaangalia ile mufuko. Imejaa mpaka haifungike, nimeifunga na kamba. Anaiangalia sana. Kisha anainama, anaiinua – inamulemea – anaisukuma ndani ya vagon, pale karibu na miguu ya mama, na anainyoosha isije ikaanguka.

– Tenke iko na baridi, anasema.